Chachandu inatengana maji na chupa inavimba siku ya tatu, nakosea wapi?

Mla_Mihogo

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye chachandu ya kulia mihogo ya kukaanga na mishkaki. Vipimo vyangu ni hivi: nyanya kilo 1, karoti tatu, kitunguu maji kimoja, kitunguu saumu nusu kichwa, pilipili mbuzi kumi, ndimu mbili, siki vijiko vikubwa viwili, sukari vijiko vikubwa viwili, chumvi ya kukadiria, na konflawa vijiko viwili ya kukazia. Navisaga vyote vikiwa vibichi, vinakaa kwenye jagi la blenda kama nusu saa, halafu nachemsha dakika 10. Ikipoa kidogo namimina kwenye chupa za maji za plastiki naweka kabatini.

Matatizo: kesho yake maji yako juu, uji uko chini. Siku ya tatu chupa imevimba, ukifungua inatoa povu kama soda. Kuna uchungu unabaki kooni ambao si ukali wa pilipili. Na ukali wenyewe haueleweki, leo inalika, wiki ijayo hata wazoefu wanalia.

Nilidhani pilipili nyingi kiasi hiki zingetosha kuzuia kuharibika. Nirekebishe nini?

FundiSufuria

Mkuu, nianze na hilo la mwisho maana ndilo mzizi. Ukali wa pilipili hauhifadhi chakula. Kinachohifadhi chachandu ni uchachu, na kwenye vipimo vyako uchachu ni mdogo sana. Siki vijiko viwili ni kama mililita 30, na umeweka karoti, vitunguu na pilipili ambavyo vyote vinapunguza uchachu wa nyanya. Hamira za porini zimekuta sukari, maji, joto la kabati na chupa iliyooshwa kwa maji ya bomba. Lazima ivimbe. Hiyo iliyovimba mwaga, usiionje wala usiichemshe upya.

Maji kutengana: nyanya ina kitu asilia kinachoshikilia uji wake, kinaitwa pektini. Ukiikata au kuisaga mbichi, vimeng'enya vya nyanya yenyewe (enzaimu) vinaanza kuikata pektini papo hapo. Ile nusu saa kwenye jagi ndiyo inayokuharibia. Baada ya hapo hata uchemshe saa nzima, uji umeshalegea. Dawa ni kuipasha nyanya joto kali mara tu inapokatwa, ipite digrii 80 haraka, vimeng'enya vife kabla havijafanya kazi. Kwa hiyo pika kwanza, saga baadaye.

Konflawa achana nayo. Ikichemka pamoja na siki na ndimu inalegea, ikikaa inatoa maji, na inafanya chachandu iwe na ladha ya uji wa mgonjwa. Karoti na nyanya zilizopikwa vizuri zinajikaza zenyewe.

Fanya hivi, upate lita 1 na kidogo:

Nyanya zilizoiva, zile ngumu za umbo la yai zenye nyama nyingi, kilo 1. Karoti gramu 200. Kitunguu maji gramu 100. Saumu punje 6. Pilipili mbuzi nyekundu gramu 80 (kama 8 hadi 10, lakini pima kwa mzani, usihesabu). Siki ya asidi 5%, mililita 200. Chumvi gramu 20. Sukari gramu 30.

Weka sufuria pana kwenye moto mkali ikiwa na maji vijiko viwili. Kata nyanya vipande vinne vinne na udumbukize moja kwa moja, kiganja kimoja kimoja, kila mara subiri ichemke ndipo uongeze nyingine. Usizirundike kwenye bakuli. Zikishaingia zote funika dakika 10, kisha tia karoti iliyokwaruzwa, kitunguu, saumu na pilipili. Acha wazi, moto wa wastani, dakika 25 hadi 30, ukikoroga kwa mwiko mpaka chini maana karoti hushika.

Epua, ngoja dakika 10, ndipo usage. Jaza jagi nusu tu na uache mdomo wa mfuniko wazi kidogo, uufunike kwa kitambaa. Mvuke ukikosa pa kutokea unarusha mfuniko, na uji wa pilipili mbuzi ukikupata usoni si mchezo. Chuja kwenye chujio la matundu ya wastani, rudisha jikoni.

Sasa kipimo cha uzito wa uji. Dondosha kijiko kimoja kwenye sahani baridi, hesabu mpaka 30, halafu inamisha sahani. Ukiona duara la maji mepesi linakimbia pembeni ya uji, bado. Endelea kupika dakika tano tano hadi tone litelemke lote kwa pamoja bila kuacha maji. Hapo ndipo unatia siki, chumvi na sukari. Siki ikitiwa mapema inapaa na mvuke, unabaki na harufu jikoni na uchachu pungufu chupani. Ichemke dakika 5 za mwisho, mimina ikiwa ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10, acha sentimita 1 juu, funga, ikipoa ingiza kwenye friji.

Angalia lebo ya siki. Kama ni 4%, tia mililita 250 badala ya 200.

Bi_Kinu

Fundi kamaliza ya sufuria, mimi niongezee uchungu na ukali.

Mdogo wangu, uchungu wako una sababu tatu, na huenda zote zipo. Ya kwanza ndimu: ukiisaga na kokwa au na ngozi nyeupe ya ndani, uchungu hautoki tena. Maji ya ndimu yakichemka muda mrefu nayo yanageuka ladha. Kamua, chuja, tia baada ya kuepua. Ya pili saumu iliyoungua, kama unaanza kwa kukaanga. Saumu ikifika rangi ya kahawia imeshakuwa chungu, na kuongeza sukari hakusaidii. Ya tatu mbegu za pilipili zilizosagwa laini sana na blenda yenye nguvu. Saga mpaka ilainike, basi, zilizobaki zinaishia kwenye chujio.

Saumu ikigeuka kijani au bluu ndani ya siki usishtuke. Ni mambo ya saumu na asidi, hainidhuru wala haitakudhuru.

Ukali sasa. Watu wanatoa mbegu wakidhani ndio wametoa ukali. Ukali umejaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zinaupata kwa kugusana nao tu. Pasua pilipili mbuzi kwa urefu, pita na ncha ya kijiko cha chai, kwangua weupe wote. Utabaki na ile harufu tamu ya pilipili mbuzi, ambayo ndiyo sababu ya kuinunua, na ukali umeshuka sana. Kwa gramu 80, kwangua nusu yake uache nusu nzima, uone familia inasemaje. Ukizidisha ukali usiongeze maji wala sukari. Pika nyanya na karoti nyingine pembeni, uchanganye, na siki uiongeze kwa uwiano uleule.

Na usibadilishe aina ya pilipili kiholela. Pilipili mbuzi iko kati ya vipimo 100,000 na 350,000 vya Scoville (kipimo cha ukali wa pilipili), na pilipili kichaa kati ya 50,000 na 100,000, lakini kichaa ni ndogo na watu humimina kiganja kizima. Hata pilipili mbuzi za fungu moja hazilingani, ndiyo maana ukihesabu "kumi" kila wiki unapata kitu tofauti. Pima gramu, na onja kipande cha ncha kabla ya kuamua.

Mikono: vaa glovu. Ukisahau ikaanza kuwaka, usikimbilie maji matupu, ukali wake hauyeyuki kwenye maji. Jipake mafuta ya kula, sugua, kisha osha na sabuni ya maji ya vyombo, rudia mara mbili. Macho na lenzi za macho usiguse siku hiyo hata kama unaona mikono imepoa.

Mwambao_Bajia

Huku Mombasa kwenye viazi karai na bajia twatumia ya ukwaju, na kwa mwenye shida ya kutengana hiyo ni rahisi zaidi maana haina nyanya kabisa.

Ukwaju wenye kokwa gramu 200, maji moto mililita 400. Loweka nusu saa, vuruga kwa mkono hadi kokwa zitoke zikiwa safi, chuja kwa kusukuma na kijiko. Usiusage na kokwa kwenye blenda, utakuja kujuta. Tia pilipili mbuzi 3 zilizopondwa kwa kinu na chumvi kijiko cha chai kimoja, bizari ya pilau iliyokaangwa kavu na kusagwa nusu kijiko cha chai, sukari vijiko vikubwa viwili au guru ukipenda. Chemsha moto mdogo dakika 8 hadi 10. Epua ikiwa nyepesi kuliko utakavyo, maana ukwaju hukaza ukipoa. Iwe yapaka mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole mstari ubaki.

Wengine hutia tende mbili tatu badala ya sukari. Nzuri sana kwa samosa, ila kwa mshikaki naona yazidi utamu.

Hii nayo ni ya friji.

Gari_Moshi

Wakuu mnazunguka. Tieni sodiamu benzoeti, ile dawa ya kuhifadhi vyakula, kijiko kimoja, inakaa miezi sita kabatini.

FundiSufuria

Kijiko gani, mkuu? Kijiko cha chai cha unga ule ni gramu kadhaa, na kikomo kwenye sosi ni gramu 1 kwa kilo. Kwa chupa moja unatakiwa kupima nusu gramu, na mizani ya jikoni ya kawaida haioni nusu gramu. Tena benzoeti inafanya kazi kwenye kitu kichachu tu. Kwenye chachandu ya siki vijiko viwili haisaidii sana, na kwenye chachandu yenye siki ya kutosha inayokaa friji huihitaji.

Na yule atakayekuja kusema umwage mafuta juu kuziba hewa: usifanye. Bakteria wa botulinamu, anayetengeneza sumu kali, anapenda pasipo hewa. Saumu ndani ya mafuta, isiyo na asidi, ikikaa kwenye joto la chumba ni moja ya vyanzo vinavyojulikana vya sumu hiyo, na sumu yenyewe haina harufu wala haivimbishi chupa kila mara.

Mla_Mihogo

Nimewaelewa, asanteni sana. Maswali mawili. Moja, nitajuaje uchachu umetosha, karatasi za pH zinafaa? Mbili, kuna namna yoyote halali ya kuweka nje ya friji? Niko Arusha na umeme wa kukatika.

FundiSufuria

Karatasi za pH kwenye sosi nyekundu zinadanganya, rangi ya nyanya na karoti inapaka ile ya karatasi. Nunua kipima pH cha kidijitali. Kabla ya kupima kirekebishe kwa vimiminika viwili vya pH 4.01 na 7.00, pima sosi ikiwa imepoa kufikia joto la chumba, suuza ncha kati ya sampuli moja na nyingine. Mpaka wa usalama dhidi ya botulinamu ni pH 4.6 (namba ikishuka, uchachu unapanda), lakini usilenge hapo. Lenga 4.0 au chini, ili tofauti ya nyanya za leo na za kesho isikutoe nje. Nyanya peke yake inaweza kuwa 4.3 na inaweza kuwa 4.9, kutegemea aina na kuiva. Zilizoiva kupita kiasi na zenye mabaka uchachu wake uko chini.

Nje ya friji: usitumie mapishi niliyokupa hapo juu, hayajapimwa kwa kabati. Tumia uwiano uliojaribiwa wa kituo cha Marekani cha kuhifadhi chakula nyumbani, ule wa salsa (sosi ya nyanya na pilipili) ya kuchagua mwenyewe: nyanya zilizomenywa na kukatwa vikombe 6, vitunguu na pilipili kwa jumla vikombe 9, maji ya ndimu au limau ya chupa kikombe 1 na nusu, chumvi vijiko vya chai 3. Unaweza kubadilisha pilipili kali na hoho utakavyo mradi jumla isizidi vikombe 9. Huruhusiwi kupunguza ndimu. Wanataka ya chupa, si ya kukamua, kwa sababu asidi ya ya chupa haibadilikibadiliki. Ukiona inachacha mno, tia sukari, usiguse ndimu. Karoti haimo, usiiongeze.

Chemsha vyote, vikianza kububujika shusha moto dakika 3, jaza mitungi ya kioo ya kama nusu lita yenye vifuniko vipya vya kubana, acha sentimita 1 na robo juu. Kisha ichemshe mitungi yenyewe ikiwa imezama kabisa ndani ya maji. Mtu wa Tanga au Dar ni dakika 15. Wewe wa Arusha ni 20, kwa sababu kwenye mita 1,400 maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Aliye juu ya mita 1,830, kama Limuru, ni 25. Tandika kitambaa chini ya sufuria, na ukitoa mitungi weka juu ya ubao au taulo kavu. Kioo cha moto juu ya sinki la saruji lenye maji baridi kinapasuka.

Kesho yake bonyeza katikati ya kifuniko. Kikicheza juu na chini, haukushika, ule mtungi ni wa friji.

Komali_Kavu

Kwa kuwa salsa imetajwa: neno lenyewe ni sosi tu kwa Kihispania, na nyanya na pilipili zote mbili asili yake ni Amerika. Kwetu zililetwa na meli baada ya Wareno. Kile kinachoitwa pico de gallo huko Mexico ni ndugu wa kachumbari: nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani, ndimu, chumvi, vyote vibichi.

Lakini ile nyekundu ya kuchoma ndiyo ningeshauri mtu ajaribu. Kikaangio kikavu cha chuma, bila mafuta, moto mkali. Panga nyanya 4 nzima, nusu kitunguu, saumu punje 3 zikiwa na maganda yake, pilipili 2. Pilipili na saumu zinatoka kwanza, dakika 5 hadi 6, zikiwa na mabaka. Nyanya dakika 12 hadi 15, ukigeuza, mpaka ngozi iwe nyeusi sehemu sehemu na ndani ilegee. Menya saumu. Ponda kwa kinu: anza na saumu, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili mpaka iwe laini, kisha kitunguu, nyanya mwishoni, ibaki na vipande. Ngozi nyeusi ya nyanya usitoe yote, harufu ya moshi inatoka humo. Mwisho ndimu na giligilani. Jalapeño, pilipili ya huko Mexico, ni kati ya 2,500 na 8,000 Scoville, hivyo pilipili mbuzi moja iliyokwanguliwa inatosha kabisa kwa nyanya 4, zaidi ya hapo hutasikia nyanya.

Fungua madirisha kabla ya kuweka pilipili kwenye chuma kavu. Moshi wake unakohoza nyumba nzima mpaka kwa jirani. Salsa hiyo ni ya siku tatu au nne kwenye friji, haihifadhiki zaidi.

Mla_Mihogo

Swali dogo la mwisho kwa Fundi. Chupa za plastiki ndio basi?

FundiSufuria

Zile za maji ndio basi. Sosi ya digrii 85 inazikunja shingo, kizibo hakishiki tena, na huwezi kuzichemsha kuua vimelea. Okota chupa za kioo za tomato sosi au mitungi ya jemu, mifuniko iwe haina kutu wala mkwaruzo kwenye mpira wa ndani. Za plastiki za kubinya zitumie mezani tu: jaza ya kula siku mbili tatu, ikiisha osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, ndipo ujaze tena. Usiongezee mpya juu ya ya zamani.

Bi_Kinu

Na kijiko kilichogusa mhogo kisirudi chupani.